Ufunguo wa betri ukipotea, useme siku ile ile

Mazungumzo ya komite mbele ya mkutano mkuu wa wanachama, Baraka. Tunayachapa hapa kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika, na kwa wafadhili wetu.

 

Tumeombwa kuongea juu ya funguo. Si funguo za nyumba wala za depo, ni funguo za betri za zile baiskeli za umeme ambazo wanachama wanazitumia kwa zamu. Tunajua kuna watakaosema: komite haina kazi ingine? Tuko na mambo ya mashamba, tuko na karo za watoto, na ninyi mnatuletea ufunguo? Ngojeni kidogo. Tangu mvua iliyopita funguo zimepotea mara kadhaa, na si kila baiskeli iliyopoteza ufunguo imerudi barabarani. Tulipochunguza, tuliona kwamba zile ambazo hazikurudi ziliuawa na mambo mawili yaliyokuja nyuma ya ufunguo: nyundo na kunyamaza. Hayo mawili ndiyo tunataka kuyaongelea leo.

Kila mtu hapa anajua baiskeli hizi zinafanya nini. Siku moja iko kwa mama anayepeleka unga wa muhogo sokoni, siku ingine iko kwa papa wa samaki, siku ingine inampeleka mkunga kijijini usiku ao inamleta mgonjwa kituo cha afya. Wengi wetu, tangu mwaka 2005 tulipoanza kuvuka ziwa kutoka Kigoma kurudi nyumbani, tulibeba mizigo yetu kwa kichwa na kwa mgongo. Baiskeli moja ikisimama, ni familia nyingi zinarudi kichwani.

Kufuli ile inafanya kazi gani

Kwanza tukumbushane. Baiskeli ya umeme ni baiskeli kama ingine, ina pedali na mnyororo, lakini iko na mota ndogo inayosaidia miguu. Mota inakula umeme wa betri. Betri zetu nyingi zimeandikwa volti 36, zingine volti 48. Ukisoma volti 36 na ampea-saa 10, zidisha, unapata wati-saa 360. Hilo ndilo tumbo la baiskeli, na ndilo kipande cha bei kali kupita vyote. Ukiondoa betri, inabaki baiskeli nzito tu.

Kwa sababu betri ni ya bei, waliotengeneza waliweka kufuli. Betri inaingia katika reli juu ya bomba la baiskeli, ao nyuma chini ya mahali pa kubebea mizigo, halafu ulimi wa chuma unatoka na kuikamata. Ufunguo unazungusha ule ulimi. Kazi yake ni mbili: mwizi asiichomoe betri, na betri isiruke ukipita kwenye mashimo. Njia yetu ya Fizi mnaijua wenyewe. Bila ulimi ule, betri ingeanguka kabla hujafika popote.

Sasa sikieni hapa, kwa sababu ndipo watu wengi wanachanganyikiwa. Katika baiskeli nyingi, ufunguo hauwashi kitu chochote. Unafunga betri na kuifungua, basi. Kuwasha ni kwa kidude kilicho kwenye usukani ao kwa kitufe cha betri yenyewe. Kwa hiyo ufunguo ukipotea na betri iko imefungwa mahali pake, baiskeli bado inatembea. Na tundu la chaja mara nyingi liko ubavuni mwa betri, unalifikia hata kama betri iko juu ya baiskeli. Maana yake bado unaweza kuichaji. Kilichobadilika ni hiki tu: zamani ulipeleka betri kwenye chaja, sasa utapeleka baiskeli nzima.

Kuna aina ingine, hasa kati ya zile za zamani kidogo, ambamo ufunguo ule ule unafunga, unafungua na unawasha. Hiyo ukiipotezea ufunguo ikiwa imezimwa, haiwaki. Kila mwenye zamu ajue baiskeli yake ni ya aina gani, na asingoje siku ya shida. Jaribu leo jioni: funga betri, toa ufunguo, washa. Ikiwaka, ije iandikwe kwenye kaye. Ikikataa, iandikwe pia.

Siku ya kwanza

Ufunguo umepotea. Umetafuta mfukoni, kwenye pindo la kitenge, chini ya gunia, njiani mpaka mahali pa kuteka maji. Hauko. Unafanya nini?

La kwanza, useme. Siku ile ile mwambie mtu wa komite aliye karibu nawe. Tutaeleza mbele kidogo kwa nini tunakaza neno hili.

La pili, tazama kama betri iko imefungwa ao iko wazi. Kama imefungwa, iache hivyo. Kama iko wazi, iingize ndani ya nyumba usiku, na usiendeshe nayo ikiwa inacheza-cheza. Inaweza kuanguka. Hata isipoanguka, vile vyuma vya kupitishia umeme vinaachana na kugusana, vinatoa cheche, na mwisho vinaungua.

La tatu, endelea kuchaji. Hapa tunaomba masikio yote.

Betri hizi ni za lithiamu. Ndani yake kuna seli nyingi ndogo. Betri ya volti 36 ina safu 10 za seli zinazofuatana, ile ya volti 48 mara nyingi ina safu 13, na kuna kibao cha umeme kinachozilinda. Baiskeli ikisimama bila kazi, seli zinapungua polepole, na kile kibao nacho kinaendelea kunywa umeme kidogo kidogo. Seli zikishuka chini ya mpaka wake, kibao kinakataa chaja. Na kinakataa kwa haki, maana seli iliyoshuka sana inaweza kushika moto ikilazimishwa kuchajiwa. Kwa hiyo mtu anayeegemeza baiskeli nyuma ya jiko miezi mingi akisema "sina ufunguo", siku ufunguo unapopatikana anakuta betri imekufa. Ufunguo umerudi, tumbo limeoza.

Kama ni lazima baiskeli isimame, iachwe na umeme karibu nusu, mahali pakavu penye kivuli, na itazamwe kila mwezi. Usiiache tupu.

Wale wasio na plake ya jua nyumbani, waliozoea kubeba betri mkononi mpaka depo ya chama, waje na baiskeli yenyewe. Nafasi iko. Vijana wa depo wamekubali kwamba baiskeli isiyo na ufunguo itachajiwa kwanza mchana, wakati jua ni kali. Lakini uje na chaja yake. Chaja ya betri ya volti 36 inatoa volti 42, na chaja ya betri ya volti 48 yenye safu 13 inatoa volti 54.6. Tundu linaweza kufanana kabisa, lakini ukichanganya chaja unaharibu betri, ao unawasha moto.

Nyundo

Mwanachama mmoja alipoteza ufunguo njiani akitoka sokoni. Ndugu yake alimhurumia, akaleta patasi na nyundo, akaipiga ile kufuli. Kufuli ilitoka kweli, na watu walifurahi. Lakini ganda la betri lilikuwa limepasuka, ufa mwembamba ambao hakuna aliyeuona. Mvua ikanyesha, maji yakaingia polepole. Betri ikaanza kuzimika njiani, leo mara moja, kesho mara tatu, mwisho ikanyamaza kabisa. Tunamshukuru Mungu kwamba ilikufa bila kuwaka.

Maana ingeweza kuwaka. Seli ya lithiamu ikitobolewa ao ikibonyezwa sana, vitu ambavyo havitakiwi kugusana vinagusana ndani yake. Inapata joto, joto linapita kwa seli ya jirani, na ile ya jirani inafanya vile vile. Moshi wake ni sumu. Moto wake ni mgumu kuzima, na unaweza kurudi hata baada ya watu kusema umeisha. Likitokea jambo hilo, watu watoke kwanza, hasa watoto, wala mtu asivute moshi ule. Kisha maji, maji mengi, ukiwa mbali, ili kupoza. Usirudi kuichukua betri kwa mkono.

Kwa hiyo tunasema wazi. Usipige kufuli. Usiingize mtaimbo kati ya betri na bomba. Usitoboe.

Vijana mafundi watatuambia: lakini tumeona watu wanatoboa kufuli na hakuna kitu kinatokea. Ni kweli. Katika baiskeli zingine, kile kipande cha duara ambamo ufunguo unaingia, ambacho mafundi wanakiita silinda, kiko upande wa baiskeli, mbali kidogo na seli. Lakini katika zingine kiko ndani ya ganda la betri yenyewe. Fundi asiyejua anatoboa akienda moja kwa moja kwa seli. Hata asipozifikia, unga wa chuma unaanguka ndani na kuunganisha mahali pasipotakiwa kuunganishwa. Basi kutoboa kuwe njia ya mwisho kabisa, kwa uamuzi wa komite, na kwa mkono wa fundi anayejua silinda iko wapi na seli ziko wapi. Ifanyike nje ya nyumba, betri ikiwa na umeme mdogo, maji yakiwa karibu na watoto wakiwa mbali.

Ufunguo mpya unatoka wapi

Ziko njia tatu. Tuanze na ile rahisi.

Njia ya kwanza ni kuchonga kutoka ule uliobaki. Kwa kawaida baiskeli inatoka kiwandani na funguo mbili. Ukiwa na mmoja mkononi, fundi wa funguo sokoni anaweza kukuchongea mwingine kwa tupa, kama amepata ufunguo mbichi wa upana ule ule. Funguo nyingi za betri ni bamba jembamba lenye meno, si kazi kubwa. Zingine, hasa za Ulaya, zina vishimo badala ya meno. Hizo tupa haiziwezi, zinataka mashine. Neno la maana hapa ni wakati: ufunguo wa pili unachongwa siku ule wa kwanza ungali hai. Zikipotea zote, fundi hana mfano wa kutazama.

Njia ya pili ni namba. Chukueni funguo zenu mzitazame vizuri. Kwenye kichwa ao kwenye shingo ya ufunguo, mara nyingi kuna herufi na tarakimu zilizochongwa. Mara zingine namba iko pia kwenye uso wa silinda, ao kwenye kadi ndogo iliyokuja pamoja na funguo. Namba ile inasema meno yakatwe namna gani. Kampuni za kufuli za Ulaya kama ABUS na AXA zinaweza, kwa baadhi ya kufuli zao, kutengeneza ufunguo mpya kwa namba tu, bila kuuona ule wa zamani. Kwa hiyo mtu aliyeandika namba amejipatia ufunguo mwingine uliolala kwenye karatasi.

Lakini mujihadhari. Kama namba inaweza kuzaa ufunguo, inaweza kuuzalia mwizi pia. Msiipige picha na kuituma katika grupu la simu. Iandikwe kwenye kaye ya chama, basi.

Njia ya tatu ni kubadilisha silinda. Hii ni ya wakati ambapo ufunguo hakuna na namba hakuna. Kufuli nyingi za bei ndogo zinaweza kufunguliwa na fundi mvumilivu bila kuvunja kitu. Betri ikishatoka, silinda ya zamani inatolewa na mpya inaingia na funguo zake. Mara nyingi skrubu ao nati inayoishika imefichwa nyuma ya betri, ndiyo maana haiwezekani kuitoa betri ikiwa imefungwa. Kabla ya kuagiza silinda, fundi apime unene wake, urefu wake, na aandike ulimi unazunguka upande gani. Silinda isiyoenea ni pesa iliyotupwa ziwani.

Na tuongeze hili juu ya baiskeli zilizotoka Ulaya. Kuna zile ambazo ufunguo mmoja unafungua betri na pia kufuli ya gurudumu la nyuma. Hapo ukipoteza ufunguo, vyote viwili vimefungwa, na baiskeli haitembei hata kwa kusukuma. Baiskeli za namna hii ziwe za kwanza kuchongewa ufunguo wa ziada.

Nani analipa?

Katika mkutano uliopita kuna waliosema: aliyepoteza ufunguo alipe faini, tena kali, ili wengine waogope. Tuliwasikia, na tuliongea juu yake jioni mbili.

Tumeona hivi. Faini kali inafundisha watu kunyamaza. Mama anayejua kwamba faini ni sawa na faida yake ya juma zima, hatasema. Atasema baiskeli ina pancha. Atasema mgonjwa yuko nyumbani. Ataiegemeza nyuma ya jiko akitumaini ufunguo utaonekana siku moja. Na huko nyuma ya jiko, betri inashuka polepole, kama tulivyoeleza. Mwisho chama kimepata faini ya ufunguo na kimepoteza betri. Hiyo si hesabu.

Wengi wetu tuliokaa Nyarugusu ao Lugufu tunakumbuka kadi ya mgao. Mtu aliyepoteza kadi na kukimbia kusema mapema, alisumbuliwa kidogo, alipanga mstari, lakini mambo yake yaliangaliwa. Mtu aliyeona haya akangoja mpaka siku ya mgao, watoto wake walikula kwa jirani. Kilichowalaza njaa watoto wale ni haya ya mzazi wao. Kadi ingeweza kuandikwa upya.

Kwa hiyo komite inapendekeza hivi, na mtapiga kura kabla ya kufunga mkutano. Mwenye kusema ndani ya siku 2, hana faini. Gharama ya kuchonga ufunguo igawanywe nusu kwa nusu kati yake na chama. Mwenye kuficha, na betri ikaharibika kwa kuficha kwake, atakaa mbele ya wazee, na zamu yake itapita kwa mwingine mpaka wazee waamue. Hatutafuti kumwaibisha mtu. Tunataka kusema kuwe rahisi kuliko kuficha.

Na ile nusu ya chama itoke wapi? Walio katika MUSO wanajua masanduku yetu: kijani ni la akiba na mikopo, jekundu ni la kusaidiana wakati wa shida, bluu ni la pesa zinazotoka nje. Wengine walitaka tuchukue kwenye jekundu. Tumekataa. Jekundu ni la ugonjwa na kilio, na ufunguo si kilio. Tunaomba kila mwenye zamu atoe kitu kidogo kila mwezi kwa ajili ya matengenezo. Humo zitatoka funguo, na humo zitatoka breki, tairi na chambre, maana hivyo navyo vinachoka.

Mikono mitatu

Walio katika AVEC wanajua sanduku lenye kadena tatu. Watu watatu, kila mmoja na ufunguo wake, na hakuna anayeweza kufungua peke yake. Ni hekima nzuri na imetulinda. Lakini kwa betri tunataka kinyume chake. Kwenye sanduku, funguo tatu ni lazima zikutane. Kwenye baiskeli, ufunguo mmoja unatosha kufungua, kwa hiyo kazi yetu ni kuhakikisha funguo tatu zisikutane kamwe, ili zisipotee pamoja.

Ufunguo wa kwanza uko na mwenye zamu, kwenye kamba shingoni. Usining'inizwe kwenye baiskeli, na usiwe kwenye pete moja na ule wa pili. Mara nyingi watu wanapoteza zote mbili siku moja kwa sababu hawakuzitenganisha tangu siku zilipofika.

Ufunguo wa pili uko kwenye sanduku la bati la komite, ndani ya bahasha yenye namba.

Ufunguo wa tatu, ule wa kuchonga, uko kwa mwanachama mwaminifu katika kijiji kingine. Kuna walioshangaa: kwa nini kijiji kingine? Wakubwa waliomo humu hawakuuliza. Sisi tunaoitwa rapatriye tunajua namna watu wanavyotoka nyumbani usiku. Hubebi vyote, na nyumba ya mweka funguo inaweza kuungua kama ingine yoyote. Wako kati yetu waliobeba ufunguo wa mlango miaka mingi, wakarudi na kukuta mlango hauko tena. Hatutaki kitu cha watu wote kikae katika nyumba moja.

Kwenye kila ufunguo tutafunga kibati chenye namba tu. Hakuna jina la mtu, hakuna jina la kijiji, hakuna neno "betri". Anayeuokota asijue unafungua nini. Namba ile inaelezwa kwenye kaye peke yake.

Kaye itakuwa na mistari hii: namba ya baiskeli kwa chama, namba iliyochongwa kwenye fremu, namba ya betri, namba ya ufunguo, inawaka bila ufunguo ao haiwaki, nani ana ufunguo wa kwanza, wa pili na wa tatu, tarehe, na sahihi ao kidole gumba. Kila zamu inapobadilika, ufunguo unapita mbele ya macho ya mwandishi. Kaye ziko mbili, na hazilali nyumba moja.

Kwa vijana mafundi tuko na ombi. Mtu akikuletea betri ao baiskeli iliyofungwa, akasema ufunguo umepotea, muulize namba yake ya kaye kabla hujashika bisibisi. Kama hana, mlete kwa komite. Kama ni mkweli, hatachelewa. Kama si mkweli, ukimfungulia leo, kesho betri iliyoibiwa itakuwa ya mama yako.

Kwa ndugu wafadhili

Kwenu, aksanti sana. Baiskeli mlizotuma zimebeba unga, zimebeba wagonjwa, zimebeba mbegu. Tunawaomba mambo machache ambayo kwenu ni kazi ya nusu saa, na kwetu ni miezi.

Kabla hamjaipakia baiskeli iliyotumika, muulizeni aliyeitoa: funguo zote ziko wapi? Mara nyingi ufunguo wa pili umebaki kwenye droo jikoni kwake. Kama umebaki mmoja tu, mchonge mwingine huko huko, mahali penye mashine. Andikeni namba ya ufunguo, jina la kampuni ya kufuli, na aina ya betri. Na tumeni chaja iliyozaliwa na baiskeli ile.

Tunajua kuna wanaotaka kutuletea betri mpya katika sanduku la safari. Aksanti kwa moyo huo, lakini ndege hazikubali. Mpaka wa betri ya lithiamu ambayo abiria anaweza kubeba ni wati-saa 160, tena kwa ruhusa ya shirika la ndege. Betri yetu ya wati-saa 360 inapita mara mbili na zaidi. Inapaswa kusafiri kama mzigo wa hatari, na karatasi zake na bei yake. Lakini silinda ni chuma tu. Ufunguo ni chuma tu. Vinaenea kwenye bahasha, vinaingia mfukoni mwa ndugu yeyote anayekuja huku. Mkituuliza siku hizi chama kinahitaji nini kwa baiskeli, mara nyingi tutajibu: silinda na funguo zake. Kwa pesa hiyo ndogo mtakuwa mmeokoa betri ambayo iko tayari hapa.

Sasa tufanye nini

Jumamosi inayokuja, kila mwenye zamu aje depo na baiskeli, na funguo zote alizo nazo, na chaja. Fundi wa funguo atakuwepo na tupa yake. Mwandishi atakuwepo na kaye zote mbili. Zile baiskeli zenye ufunguo mmoja zitatangulia, kwa sababu hizo ndizo ziko karibu na shida. Zile zenye funguo mbili zitafuata.

Na kuna watu wetu ambao ufunguo ulipotea zamani na bado hawajasema. Tunawajua wachache, wengine hatuwajui. Tunawaambia ninyi hasa: faini haitawahusu, hata kama kura ya leo itaenda upande mwingine. Njooni na baiskeli kama ilivyo, hata ikiwa na buibui. Tutapima betri kwanza, na kama bado ina uhai tutaichaji siku ile ile.

Mwandishi atafungua kaye saa mbili asubuhi. Hatauliza ufunguo ulipotea lini. Atauliza namba.